Umekwama juu kwenye mashine ya kunyanyua watu: dalili, chanzo na namna ya kushuka

Malalamiko ya waliokwama juu hufanana: mashine imezima, mashine inalia na haitaki kutembea, kikapu kimenasa, mtu amebanwa. Mengi huisha kwa kugeuza ufunguo mmoja ulio chini. Yanayogeuka msiba kwa kawaida ni yale ambayo aliye juu alichoka kusubiri akatoka nje ya kikapu, au aliye chini hakujua ashike nini. Kwa hiyo maelezo haya yanamlenga zaidi mtu wa chini. Aliye juu ana kazi tatu tu: abaki ndani ya kikapu, aache kamba ya hanesi (mikanda ya usalama inayovaliwa mwilini) imefungwa kwenye pete ya kikapu, na aendelee kuongea na walio chini.

Nitazungumzia mashine za aina mbili. Bumu ni ile yenye mkono unaorefuka au kujikunja. Ya mkasi hupanda na kushuka wima kwa vyuma vinavyopishana. Kitabu cha mashine huwekwa kwenye kisanduku ndani ya kikapu. Kikisema tofauti na hapa, kitabu ndicho kinachofuatwa.

Mashine imezima, hakuna kinachoitika kutoka juu

Anza na chanzo cha kawaida kabisa: kitufe chekundu cha dharura kimebonyea. Kipo kimoja kwenye kikapu na kingine kwenye paneli ya chini, na chochote kati ya hivyo viwili kikibonyea, aliye juu hana mashine. Cha juu hugongwa na kiwiko, na begi la vifaa, hata na ubao ulioegemezwa vibaya. Vingine huachia kwa kuvutwa, vingine kwa kuzungushwa kufuata mishale iliyochorwa juu yake. Mishale hiyo mara nyingi imefunikwa na rangi au simenti, na mtu huvuta kitufe cha kuzungusha hadi akaamini kimeharibika. Kifute kwanza, ukitazame, ndipo ukishike.

Cha pili ni pedali. Bumu nyingi hutaka mguu ukanyage kwanza, kisha mkono usukume jostiki, kile kijiti cha kuendeshea. Ukitanguliza jostiki, mashine hukataa. Ukikanyaga ukakaa sekunde kadhaa bila kusukuma chochote, pedali hujifunga. Inua mguu, jostiki irudi katikati, kisha kanyaga upya. Angalia pia chini ya pedali. Kipande cha waya au jiwe dogo kikijibana pale, pedali haiendi mpaka mwisho.

Cha tatu ni ufunguo wa chini. Una nafasi tatu: zima, chini na juu. Mtu akiugeuza upande wa chini kwa nia njema, kikapu hupoteza mamlaka papo hapo. Zungumzeni kabla ya kushuku kitu kingine.

Vinavyofuata ni mafuta kuisha, betri kuisha chaji, na mwisho kabisa fyuzi iliyoungua au waya uliokatika kwenye kebo inayopanda na mkono. Hivyo vya mwisho si kazi ya mtu aliye juu. Asifungue paneli ya kikapu na bisibisi akiwa angani, hata kama yeye ndiye fundi umeme wa saiti. Kwanza ashushwe.

Kumshusha kuna ngazi tatu, na zifuatwe kwa mpangilio:

1. Vidhibiti vya chini vya kawaida. Geuza ufunguo upande wa chini, hakikisha kitufe chekundu cha chini kimeachia, shikilia swichi ya kuruhusu, kisha shusha. Kwenye mashine nyingi kitufe cha kwenye kikapu hakizuii vidhibiti vya chini, lakini cha chini huzima kila kitu.

2. Pampu ya akiba. Injini ikigoma, bumu nyingi zina mota ndogo ya umeme inayosukuma oili kwa nguvu ya betri. Huenda polepole sana, na wengi huachia swichi wakidhani haifanyi kazi. Ishikilie. Jambo moja tu: kwenye mashine nyingi za injini betri hiyo ndiyo ile ya kuwashia. Ukikazana kupiga stata mara kumi injini haijashika, unaila betri ambayo ungemshushia mtu. Jaribio la pili likishindwa, acha stata, nenda kwenye pampu.

3. Kushusha kwa mkono. Mashine ya mkasi ina kishikio cha kuvuta au kitufe cha valvu, mara nyingi kwenye kitako upande wa nyuma, kikiwa na rangi nyekundu au kibandiko chake. Ukikivuta, oili hutoka polepole kwenye silinda na jukwaa hushuka kwa uzito wake. Ukiachia, husimama. Baadhi ya bumu zina pampu ya mkono yenye mpini unaochomekwa; mpini huo ndio kifaa kinachopotea kuliko vyote, kwa hiyo uwepo wake ukaguliwe kabla ya mtu kupanda.

Usiingize mkono wala kichwa katikati ya vyuma vya mkasi kutafuta kishikio au kutazama kinachozuia. Jukwaa linaposhuka, nafasi zile hufunga kabisa. Baadhi ya mashine za mkasi husimama zenyewe zikikaribia chini, zikalia, na kusubiri uachie na kubonyeza tena. Hiyo si hitilafu, zimewekwa hivyo ili aliye karibu aondoe mwili wake.

Ngazi zote tatu zikishindwa, simama hapo. Aliye juu apewe maji kwa kamba kama kungoja kutakuwa kurefu, na waitwe mafundi wa mashine hiyo au zimamoto wenye vifaa vya kuokoa juu. Asilegeze mtu yeyote nati ya mpira wa oili "kidogo tu ili ishuke". Nati ile ikilegea, hakuna anayeweza kuamua jukwaa lishuke kwa kasi gani.

King'ora kinalia, haipandi wala haitembei

Hapa mashine ni nzima. Imeona jambo usiloliona.

Uzito kupita kiasi ndio chanzo cha kwanza, na mara nyingi mzigo ulipatikana hukohuko juu. Mtu alipanda na vifaa vichache, akafungua mabomba ya zamani, akayalaza kwenye kikapu. Mashine nyingi zenye kipima uzito hukata vidhibiti vya kikapu mpaka mzigo upungue. Punguza kwa kushusha vitu kwa kamba, taratibu, eneo la chini likiwa tupu. Usitupe: unaweza kumpiga mtu, na kikapu chepesi ghafla hurukaruka. Kama haiwezekani kupunguza, mtu wa chini ashushe kwa njia ya dharura, kisha mashine ipumzike hadi fundi aikague.

Chanzo cha pili ni mteremko, au gurudumu lililozama. King'ora cha kuinama kikilia ukiwa juu, usitembeze mashine na usizungushe mkono. Kwa bumu, utaratibu unategemea kikapu kiko upande gani wa mteremko. Kikiwa upande wa chini, fupisha mkono kwanza, kisha uushushe. Kikiwa upande wa juu, shusha kwanza, kisha fupisha. Ukikosea mpangilio unaupeleka uzito mbali zaidi na magurudumu wakati mashine tayari inaegemea huko. Ikiwa gurudumu limenyanyuka ardhini na linaonekana likining'inia, mtu yeyote asiguse kidhibiti chochote, wa juu wala wa chini. Aliye kwenye kikapu asisogee. Ondoeni watu kuzunguka mashine na muite timu ya uokoaji, kwa sababu kinachohitajika sasa ni kuishikilia mashine isianguke kabla ya kumshusha mtu.

Kwa mashine ya mkasi iko sababu ya tatu: vyuma vya kinga ya mashimo, vile vinavyoshuka karibu na ardhi jukwaa linapopanda. Kokoto moja ikivizuia visishuke kikamilifu, mashine haitembei ikiwa juu. Shusha jukwaa kwanza, ndipo uondoe kokoto.

Mtu amebanwa kati ya kikapu na kitu kilicho juu yake

Dalili yenyewe hudanganya. Aliye chini huona opereta ameinama juu ya paneli kama anayetafuta kitu. Hajibu. Mota inanguruma lakini kikapu hakisogei, au kinaendelea kupanda milimita kwa milimita. Mara nyingi kilichotokea ni hiki: alirudi nyuma au alipanda bila kutazama juu, boriti ikamsukuma kifua kwenye paneli, na sasa mwili wake mwenyewe ndio unaosukuma jostiki huku mguu bado uko kwenye pedali. Mashine inamtii.

Kifua kilichobanwa hakipumui, na muda ulio nao ni dakika chache tu. Hapa hakuna kungoja fundi.

Bonyeza kitufe chekundu cha chini. Mwendo wote hukoma. Geuza ufunguo upande wa chini ili kikapu kisiwe na amri tena. Hata kama mwili wake bado unasukuma jostiki, haisikilizwi. Mwambie mwingine apige simu ya dharura wakati huohuo, asiende "kumtafuta msimamizi" kwanza. Kisha, kabla hujaachia kitufe chekundu, inua macho.

Kuinua macho hapa ni hatua kamili, na ndiyo inayorukwa. Neno "shusha" kwenye paneli halimaanishi kikapu kitaenda chini moja kwa moja. Bumu ya kujikunja ikishushwa mkono wa chini, kikapu kinaweza kusogea kuelekea nyuma. Ikishushwa wa juu, kinachora tao. Kama boriti iko nyuma ya mgongo wake, mwendo mmoja unamwachia na mwingine unammaliza. Kanuni ya kuanzia ni kurudisha mwendo wa mwisho: alikuwa anapanda, shusha mkono uleule, alikuwa anarefusha, fupisha. Aliyeshuhudia atangaze alichokiona. Mtu mmoja asimame mahali anapoona mwili wa aliyebanwa, aseme kwa sauti "endelea" au "simama", na mwenye vidhibiti asogeze kwa vipande vifupi. Swichi za chini huenda kwa kasi iliyopangwa, si laini kama jostiki, kwa hiyo gusa na kuachia.

Akishaachiwa, usikimbilie kumshusha hadi chini kabla ya kuona mikono na miguu yake iko ndani ya reli. Aliyezimia huning'iniza mkono nje, na mkono huo utakutana na ukuta.

Ufunguo ukiwa haupo kwenye paneli ya chini, yote niliyoandika juu hayana kazi. Kuna saiti ambazo opereta hupanda na ufunguo mfukoni ili "asichezewe". Anayefanya hivyo amejifungia juu.

Baadhi ya bumu zina kifaa cha ziada juu ya paneli, upau au kebo inayobonyezwa na mwili, inayosimamisha mashine na kulia. Kinasaidia sana. Lakini hakimtoi mtu pale alipo. Mtu wa chini bado anahitajika.

Kikapu kimenasa, au kinashuka kikiwa kimeinama

Kikapu kimeingia chini ya boriti, reli imeshika bomba, au jukwaa la mkasi limetua juu ya rafu wakati wa kushuka. Acha. Kila sekunde ya kuendelea kusukuma inaweka nguvu kwenye chuma kama upinde uliovutwa, na kikinasuka kitaruka. Kwenye bumu mruko huo unaweza kumrusha mtu nje, ndiyo maana kamba ya hanesi huwa fupi na hufungwa kwenye pete ya kikapu, si kwenye reli na si kwenye jengo.

Rudisha mwendo wa mwisho kidogo. Kisiponasuka kwa jaribio moja la upole, acha, na uwaite wenye vifaa vya kukishikilia kikapu kabla ya kukata au kukisukuma kwa chochote. Kwa mkasi uliotua juu ya kitu, pandisha kwa sentimita chache kisha ondoa kilicho chini yake ukitumia fimbo ndefu ukiwa nje ya eneo la mkasi.

Oili inamwagika

Mpira umepasuka na watu wanapiga kelele kwamba mashine inaanguka. Mara nyingi haianguki: silinda zina valvu za kushikilia zilizofungwa kwenye mwili wake, na mpira ukikatika valvu hubana oili ndani. Kikapu hubaki pale kilipo. Zima mota ili oili isiendelee kutoka, kisha jaribu kushusha kwa mkono.

Usiguse mahali panapovuja ili kujua panapotoka. Oili yenye msukumo mkubwa hutoboa ngozi na glavu, na kidonda chake huonekana kama alama ya sindano. Aliyepata alama hiyo aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama haumwi.

Kama kikapu kinaendelea kuzama chenyewe wakati mota imezimwa, valvu hazishikilii. Ondoa watu chini, usiguse kidhibiti, ita uokoaji.

Kikapu kimegusa waya wa umeme, au kimekaribia

Hapa mtu wa chini asitumie vidhibiti vya chini. Mashine nzima, pamoja na paneli yake, inaweza kuwa na umeme, na anayeigusa akiwa amesimama ardhini ndiye anayekuwa njia ya umeme. Wengi wanaokufa katika ajali hizi ni waliokwenda kusaidia.

Aliye juu akiweza kukisogeza kikapu mbali na waya kwa vidhibiti vyake, afanye hivyo. Akishindwa, abaki ndani bila kugusa kitu cha nje. Walio chini wakae mbali na wapige simu kwa shirika la umeme. Waya ukinyamaza usidhani umekufa: mitambo ya njia kuu hujaribu kurudisha umeme yenyewe. Mpaka shirika lithibitishe limekata, hakuna anayesogea.

Ipo hali moja tu ya kutoka: moto, mashine ikiwa imeshushwa chini kabisa. Hapo mtu huruka miguu ikiwa pamoja, asiguse mashine na ardhi kwa wakati mmoja, kisha asogee kwa kuburuta nyayo bila kuzitenganisha. Kupiga hatua ndefu kunaweka miguu kwenye sehemu mbili za ardhi zenye umeme tofauti.

Kwa kupanga kazi, kanuni za Marekani huanza na umbali usiopungua mita 3 kwa nyaya hadi kilovolti 50, na umbali huongezeka volti zikipanda. Pima na mkono ukiwa umerefushwa mpaka mwisho, maana upepo na mtikiso husogeza kikapu.

Mtu ananing'inia kwenye hanesi

Mshushe kwa vidhibiti vya chini, polepole, huku mtu mwingine akiangalia njia ya mwili wake ili asibanwe kati ya kikapu na kitu. Akiwa na fahamu, mwambieni asogeze miguu mfululizo, kama anatembea hewani, au asimame kwenye vitanzi vya hanesi kama anavyo. Damu hukaa miguuni, na mtu mzima mwenye nguvu anaweza kuzimia bila kuumia popote. Akifika chini mpeni huduma ya kwanza ya kawaida na apelekwe hospitali.

Je, kuna wakati wa kutoka kwenye kikapu?

Ni nadra: moto chini ya kikapu, au jengo linaloporomoka, na pembeni kuna sakafu imara unayoweza kuifikia kwa hatua moja. Hata hapo unahitaji kamba mbili: unafunga moja kwenye sehemu imara ya jengo kabla ya kufungua ya kikapu. Kupitia mkono wa bumu au vyuma vya mkasi si njia. Vina oili na hakuna pa kushika, na mtu wa chini anaweza kuvisogeza akijaribu kukusaidia.

Kumhamishia mtu kwenye kikapu cha mashine ya pili kunawezekana ikiwa waokoaji wamefunzwa, vikapu viko sawa kwa kimo na vimekaribiana, na kamba ya kwanza haifunguliwi kabla ya ya pili kufungwa. Haliwezi kuwa wazo la kwanza la walio chini wakati ufunguo bado haujaguswa.

Upepo hauhitaji maelezo mengi. Mashine nyingi za nje zimewekewa kikomo cha mita 12.5 kwa sekunde, na za ndani peke yake mara nyingi ni sifuri. Ukishika bati, bati ni tanga. Upepo ukikukuta juu, shuka.

Kabla ya kupanda kesho

Viwango vya ANSI A92 vya Marekani, vinavyohusu usalama wa mashine hizi, vinataka mpango wa uokoaji ulioandikwa. Karatasi ni nzuri, ila hakikisha inamtaja mtu mmoja wa chini ambaye asubuhi hiyo amegeuza ufunguo, ameshusha kikapu kitupu kwa vidhibiti vya chini, na amejaribu pampu ya akiba au kishikio cha dharura kwenye mashine ileile. Mashine mbili za kampuni moja zinaweza kuwa na kishikio mahali tofauti. Kifuniko kilichokwama kwa kutu au tope hugunduliwa hapo, na si saa mtu anapolia juu.

Mashine ikishatumika kumshusha mtu kwa dharura, au ikishabanwa, kuzidiwa uzito au kuguswa na umeme, ondoeni ufunguo, bandikeni alama ya kutotumika, na aandikwe fundi atakayeikagua. Zamu inayofuata isiikute ikiwa imesimama tu pale, ufunguo ukiwa ndani.